Kilo za wodini na kilo za nyumbani

Saa ya kuwaona wagonjwa ikifika, iwe ni katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Makueni pale Wote au katika hospitali kuu ya Kitui mjini, jamaa humiminika wodini na vikapu vyao. Chupa ya chai, mkate, soda, machungwa, uji ndani ya themosi. Na kabla kikapu hakijatuliwa chini, shangazi mtu amekwisha kusema: "Mwaitu, mbona umenenepa! Kumbe huku wanakulisha vizuri!"

Mgonjwa anatabasamu kwa shida. Amefanyiwa upasuaji juzi, hajala cha maana kwa siku mbili, na tangu atoke thieta amekuwa akiishi kwa dripu. Kunenepa kumetoka wapi?

Majuma matatu baadaye shangazi huyo huyo anamtembelea nyumbani, tuseme Kilungu au Mutomo, anashika kinywa. Mgonjwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba, sketi inamvuka. Hapo minong'ono inaanza. Wapo watakaosema hospitali imemharibu, wapo watakaotafuta mkono wa mtu, na wapo watakaotaja ule ugonjwa ambao kwa miaka mingi kila aliyekonda alibandikwa jina lake hata kabla ya kupimwa.

Msomaji, shangazi hakudanganywa na macho yake. Mgonjwa alijaa kweli, na amepungua kweli. Lakini kilo zile za wodini na kilo hizi za nyumbani si za kitu kimoja. Zile zilikuwa maji. Hizi ni nyama ya mwili. Anayezichanganya hufurahi pasipo na cha kufurahia, na akalegea pale anapopaswa kukaza kamba.

Mkulima yeyote wa Ukambani atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Vuna mahindi yakiwa bado yana unyevu wa asilimia 20, jaza gunia la kilo 90, kisha yaanike hadi yafikie asilimia 13.5, kipimo kinachotakiwa ghalani. Ukiyarudisha kwenye mizani utakuta takribani kilo 83. Je, kuna mwizi? Hata punje moja haikupotea. Ni maji tu yaliyokwenda na jua. Lakini gunia hilo hilo likishambuliwa na dumuzi likapungua kilo saba, hiyo ni hasara nyingine kabisa, ijapokuwa mizani inasema vile vile.

Tumchukue mama wa mfano aliyejifungua kwa upasuaji. Ninamtaja yeye kwanza kwa sababu upasuaji huu ndio unaogusa nyumba nyingi zaidi. Huduma za uzazi katika hospitali za umma zilifanywa bila malipo nchini tangu Juni 2013, na Makueni nayo ikaanzisha mpango wake wa Makueni Care mwaka 2016, ambapo familia ilikuwa ikilipa shilingi 500 kwa mwaka. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa kwa upasuaji walikuwa takriban asilimia 9 mwaka 2014, nao wakafika asilimia 17 mwaka 2022. Si jambo la matajiri wa Nairobi tena.

Mama wetu alipimwa kabla ya kuingia thieta akawa kilo 74. Mtoto alikuwa na kilo 3. Kondo la nyuma huwa na zaidi ya nusu kilo, na maji ya uzazi pamoja na damu yapata kilo moja na ushei. Kwa hesabu ya darasa la nne, alipaswa kutoka na kilo 69 au 70. Siku ya pili mizani inasoma 72, na miguu yake ni kama mito. Anajiuliza kama kuna kitu walichosahau ndani!

Walichoweka ni dripu. Mfuko mmoja wa nusu lita una uzito wa nusu kilo, hilo halihitaji mtaalamu. Lakini maji ya dripu ya kawaida yana chumvi pia, gramu 9 kwa kila lita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kwa hiyo mifuko miwili tu ya dripu ya chumvi imekwisha kumpa mgonjwa karibu maradufu ya kipimo cha siku nzima, na pale chumvi ilipo, maji hukaa.

Isitoshe, mwili wenyewe una hofu yake. Ukikatwa, hata kama aliyekukata ni daktari na umelazwa usingizi, mwili haujui tofauti kati ya kisu cha thieta na shambulio la chui. Unachojua ni kwamba damu imemwagika. Basi homoni hutolewa zinazoamrisha figo zisiachilie maji wala chumvi, maana huenda kesho hakuna cha kunywa. Juu ya hayo, mishipa midogo karibu na jeraha huvuja majimaji na kuvimbisha sehemu hiyo. Ndipo uso unapojaa, pete inabana kidole, na shangazi anasema mgonjwa amenenepa.

Hata mabingwa wamebishana kuhusu maji haya. Mwaka 2002 madaktari wa Nottingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya wagonjwa 20 waliofanyiwa upasuaji wa utumbo mpana. Wale waliopewa maji na chumvi kwa kipimo kilichozoeleka waliongezeka kama kilo 3, na matumbo yao yalichelewa kuamka kuliko ya wenzao waliopewa kidogo. Mwaka uliofuata hospitali nane za Denmark zilitoa habari za wagonjwa 172: waliobaniwa maji walipata matatizo kwa asilimia 33, na waliopewa kwa mazoea asilimia 51. Watu wakadhani kesi imekwisha. Kisha mwaka 2018 ukaja utafiti mkubwa wa wagonjwa wapatao 3,000 ulioongozwa kutoka Australia, ukaonyesha kwamba ukibana sana, figo za wagonjwa wengi zaidi huumia. Alhasili, kipimo kizuri kiko katikati, na kukipata ni kazi ya daktari na muuguzi waliosimama kando ya kitanda.

Nalisema hili kwa sababu ya tabia yetu moja. Sisi Wakenya tunaipenda dripu. Mgonjwa asiyening'iniziwa mfuko tunaona hajatibiwa, na wapo jamaa wanaomfuata muuguzi hadi mezani pake wakidai "aongezewe maji, ni mnyonge." Mwacheni muuguzi afanye kazi yake. Mgonjwa akiweza kunywa kwa kikombe, kikombe kinamfaa kuliko sindano.

Maji haya hayakai daima. Kwa wengi, kuanzia siku ya tatu au ya nne hofu ya mwili inatulia, figo zinafunguliwa mlango, na mgonjwa anaanza safari za choo zisizokwisha. Mama aliyejifungua huweza kukaa wiki moja hata mbili kabla miguu haijarudi ilivyokuwa. Kwa vile siku hizi wengi huruhusiwa kwenda nyumbani mapema, mkojo huu mwingi humkuta mtu akiwa kwao, usiku, choo kiko nje na giza limetanda. Mwekeeni ndoo chumbani. Na jasho linaloloweka shuka usiku katika siku hizo lisimtishe mtu, mradi hana homa.

Makosa hufanyika hapa. Wapo wanaomnyima mgonjwa maji ya kunywa wakidhani ndiyo yanayomvimbisha. Katika joto la Makindu au Ikutha, hiyo ni adhabu, na kwa mama anayenyonyesha ni adhabu ya watu wawili. Wapo wanaokwenda kwa kemisti kununua tembe za kukojoza. Tembe hizo ni dawa ya watu waliopimwa moyo, figo na damu. Ukizimeza kienyeji utapoteza maji pamoja na madini yanayoongoza mapigo ya moyo. Na kujifunga leso tumboni huweza kumtegemeza mama anapoinuka au kukohoa, lakini hakukamui maji.

Lakini kuna uvimbe ambao hautaki subira. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa na joto na ndama ya mguu ikauma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Damu hiyo ikikatika na kupanda mapafuni inaua, na mara nyingine dalili ya kwanza ni kupumua kwa shida ghafla au maumivu ya kifua. Mama aliyejifungua akivimba uso na mikono, kichwa kikamuuma sana na macho yakaona vimulimuli au ukungu, hiyo si dripu. Huenda ni presha ya uzazi, ambayo inaweza kuzuka hata baada ya mtoto kuzaliwa, katika wiki sita za mwanzo, na kuleta kifafa. Tumbo likijaa kama ngoma, mgonjwa akatapika na asitoe hata upepo, asipewe chumvi ya matunda wala mitishamba. Na mwenye ugonjwa wa moyo akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, arudi kwa daktari. Wote hawa ni watu wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni kwa kukodi gari usiku kutoka kijijini.

Sasa tuje kwa zile kilo za nyumbani.

Katika miaka ya 1930 huko Glasgow, Uskoti, mtaalamu aitwaye David Cuthbertson alikuwa akichunguza wanaume waliovunjika mifupa ya miguu. Aliwakusanyia mkojo siku baada ya siku akapima nitrojeni iliyomo, ambayo ni kama jivu linalobaki baada ya nyama ya mwili kuchomwa. Alitarajia kuona mguu uliovunjika ukipoteza nyama kwa kulala bure. Alichokiona kilizidi hapo. Nitrojeni iliyokuwa ikitoka ilikuwa nyingi mno kuweza kutoka katika mguu mmoja. Mwili mzima ulikuwa ukijivunja misuli, hata ile ya mahali pasipo na jeraha, na upotevu huo ulifika kilele siku kadhaa baada ya kuumia.

Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja kwenye barabara ya Kibwezi kwenda Kitui leo yumo katika hali ile ile ya wale wanaume wa Glasgow. Mwili wake unahitaji matofali ya kujengea mfupa na ngozi, na kwa kuwa hayupo anayemletea matofali hayo kwa wingi, unabomoa ukuta wa nyuma ili uzibe wa mbele. Akiongeza kulala kitandani, mambo huwa mabaya zaidi, hasa kwa wazee. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza wazee 12 wenye afya nzuri kwa siku 10 tu, bila ugonjwa wala kisu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Mzee wetu wa miaka 75 aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, ambaye familia kwa heshima na mapenzi imemkataza hata kutoka nje kuota jua, anapoteza miguu yake huku akihudumiwa vizuri sana.

Daktari akisema mgonjwa asimame siku ile ile au kesho yake, si ukatili. Ni kuokoa misuli, na kuzuia damu kuganda.

Chakula nacho tuseme ukweli. Kuku anachinjwa kwa ajili ya mgonjwa, mgonjwa anapewa supu, na mapaja yanaliwa na waliokuja kumwona! Supu ni nzuri kwa koo na kwa maji, lakini protini, ambayo ndiyo hayo matofali, imebaki kwenye nyama. Soda na glukosi zinatia nguvu ya kukaa macho, hazijengi ukuta.

Wataalamu wa lishe hushauri mtu aliyefanyiwa upasuaji apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Inasikika kama hesabu ya hoteli kubwa, kumbe inapatikana jikoni. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha ndengu zilizopikwa karibu 14. Mayai mawili, vikombe viwili vya maziwa na viwili vya ndengu, pamoja na uji na ugali wa siku hiyo, tayari amefika mlangoni. Na ndengu, nzuu na nthooko, yaani mbaazi na kunde, ndizo mimea inayostahimili ukame wa Kitui na Makueni kuliko mahindi. Aliye na maradhi ya figo tu ndiye asiongeze protini bila kumwuliza daktari.

Muthokoi je? Ni chakula chema, hasa ukichanganywa na nzuu, lakini tumbo lililotoka kukatwa lisianze nao. Aanze na uji, ndengu zilizopondwa, mayai ya kuchemsha, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, kwa maana hamu ya kula huwa imekimbia na sahani kubwa humtisha. Muthokoi utamngoja.

Kuna jambo ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha. Upasuaji mwingine si wa dharura. Ngiri isiyobana, uvimbe wa shingo wa miaka mingi, kizazi chenye vivimbe visivyotoa damu nyingi: daktari huweza kukubali vingoje miezi kadhaa. Familia nyingi hupanga tarehe kwa kuangalia likizo ya mwenye gari au lini pesa zitapatikana. Kwa wenyeji wa Ukambani ningeshauri kalenda ya shamba iangaliwe pia. Mvua ya kutegemewa zaidi huko ni ya Oktoba hadi Desemba, na mavuno yake huingia baada ya mwaka mpya. Mtu anayeingia thieta ghala likiwa tupu anaingia na akiba ndogo mwilini na kutoka bila cha kujazia. Akingoja mavuno, akala vizuri wiki kadhaa kabla, anaingia na kuta nzima. Lakini anayeamua kama ugonjwa unaweza kungoja ni daktari, si ghala.

Mtajuaje kama kukonda ni kwa kawaida? Kwanza, mwandike uzito wake kabla ya upasuaji, katika daftari lile lile la hospitali. Bila namba hiyo mtabaki kubishana na shangazi. Nyumbani apimwe mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi na kwa mizani ile ile. Mwenye plasta asihesabu, kwani plasta ina kilo zake. Mizani ikikosekana nyumbani, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa kote nchini Septemba 2023 walipewa mikoba ya vifaa, na mizani ni kimojawapo. Mtafuteni wa kijiji chenu.

Baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo, kupoteza kilo 3 hadi 6 kwa mtu wa kilo 60 si ajabu. Upasuaji mdogo usifike huko. Linalotazamwa ni mwelekeo: baada ya wiki chache mizani isimame, kisha ipande polepole. Ikiwa wiki ya sita imefika na bado inashuka, au mgonjwa ana homa za jioni, kikohozi, kuharisha au jeraha lisilofunga, kuna jambo jingine la kutafutwa. Apimwe yote, pamoja na kifua kikuu, kisukari na virusi vya UKIMWI, ambavyo siku hizi vina dawa. Kupimwa ni bora kuliko kunong'onewa.

Wapo pia wanaopita upande wa pili, wakapanda hadi kilo ambazo hawajawahi kuwa nazo, kwa kukaa na kulishwa mkate na soda miezi mitatu. Kilo hizo ni mafuta. Misuli hairudi kwa kula tu. Inarudi kwa kula na kutembea, na huchukua miezi.

Neno kwa wanafunzi, maana najua mnausoma ukurasa huu kabla ya wazazi. Aliyetolewa kidole tumbo wakati wa likizo akarudi bwenini akiwa mwembamba atachekwa wiki ya kwanza, hilo halizuiliki. Linalozuilika ni kubebeshwa. Shule nyingi za huko hupambana na uhaba wa maji, na mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mzazi aombe barua ya daktari inayotaja tarehe ambayo mtoto ataruhusiwa kuinua mizigo na kucheza mpira, aikabidhi kwa metroni mwenyewe mkononi, na amwombe yai la ziada au kikombe cha maziwa kwa gharama ya nyumbani hadi muhula uishe.